Uvumi wa Damu na Chuki dhidi ya Wayahudi

Chuki dhidi ya Wayahudi husafiri kwa uvumi, na uvumi huo una ndugu yake anayefahamika Handeni na Korogwe: mumiani. Wakati wa ukoloni, watu wengi wa pwani walisadiki kwamba wapita njia hukamatwa usiku na kunyonywa damu ya kutengenezea dawa. Ulaya ilikuwa na hadithi ya namna hiyo tangu karne ya 12, ila kule mtuhumiwa alikuwa Myahudi siku zote, na wengi wakauawa bila hatia yoyote.

Siku hizi damu imeachia nafasi fedha na magonjwa. Ujumbe wa simu unaodai kwamba Wayahudi wanaitawala dunia kwa siri unarudia maandishi ya kughushi yaliyochapishwa Urusi mwaka 1903. Gazeti la The Times la London liliufichua uongo huo mwaka 1921.

Penye utata zaidi ni Israeli. Kuilaumu serikali yake si chuki. Tanzania yenyewe ilivunja uhusiano nayo mwaka 1973, ikaurejesha mwaka 1995. Chuki huingia pale Myahudi yeyote, popote alipo, anapobebeshwa lawama hiyo, au mauaji ya kimbari ya Wayahudi yanapokanushwa au kusifiwa. Mwaka 1972 Idi Amin, rais wa Uganda, alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi akiyasifu matendo ya Hitler. Utawala wake ukapiga marufuku dini ya Kiyahudi, na walioumia ni Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, raia wa Uganda, waliolazimika kusali kwa kujificha.