Bado Siku Ngapi? Majilio Katika Nyumba za Ugenini

Katika Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, Wakristo wa madhehebu mengi huanza mwaka mpya wa kanisa. Kipindi hicho huitwa Majilio, na kazi yake ni moja: kungoja. Huwa na Jumapili nne, na huchukua siku zisizopungua 22 wala kuzidi 28.

Kanisani, Majilio hutambulika kwa vitambaa vya rangi ya zambarau na kwa masomo ya manabii. Lakini alama zake mbili zinazopendwa zaidi nyumbani hazikuzaliwa madhabahuni. Zilizaliwa mahali walipolelewa watoto wasiokaa na wazazi wao.

Alama ya kwanza ni shada lenye mishumaa minne. Mwaka 1833 mwanatheolojia kijana, Johann Hinrich Wichern, alifungua karibu na mji wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, makao ya watoto wa kimaskini yaliyoitwa Rauhes Haus. Watoto hao hawakurundikwa katika bweni moja, bali waliishi katika makundi madogo mithili ya familia. Inasimuliwa kwamba kila Desemba walimchosha mlezi wao kwa swali lilelile: bado siku ngapi? Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni na kupanga juu yake mishumaa, midogo kwa siku za kazi na mikubwa minne kwa Jumapili. Kila siku uliwashwa mmoja zaidi, na mtoto asiyejua kusoma kalenda aliweza kuona kwa macho yake kwamba siku inakaribia.

Nyumba ya kawaida haina nafasi ya gurudumu. Desturi hiyo ilipoenea, ikabaki mishumaa minne ya Jumapili juu ya shada la matawi mabichi. Ilianzia kwa Waprotestanti, na mwaka 1925 shada hilo likatundikwa katika kanisa Katoliki mjini Cologne.

Alama ya pili ni nyota ya Herrnhut, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani ulio kitovu cha Kanisa la Moravian. Mapema katika karne ya 19, nyota ya karatasi yenye ncha nyingi ilitengenezwa katika shule ya bweni ya kanisa hilo huko Niesky, kama zoezi la jiometria. Wamisionari wa Moravian waliotumwa nchi za mbali waliwaacha watoto wao katika shule za namna hiyo, na nyota ikawa pambo la kungojea Krismasi bila baba wala mama. Nyota inayojulikana leo ina ncha 25. Wasikilizaji wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania wanalijua vyema kanisa hilo, kwani wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891.

Historia hiyo inazigusa kwa karibu familia za Waswahili walioko ughaibuni. Nchini Oman, Jumapili ni siku ya kazi. Mshumaa wa Majilio huwashwa jioni, baba akisharudi kazini na watoto wakishamaliza masomo. Mjini London, jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mama anayefanya kazi ya zamu hospitalini huenda asiwe nyumbani saa ya sala. Kwingine familia imegawanyika kabisa: baba yuko Ulaya, watoto wako Mbeya au Bukoba kwa bibi, na hati za safari hazijakamilika. Kwa watu kama hao, kungoja si fundisho la mwezi mmoja. Ni maisha yao ya kila siku.

Ndiyo maana ibada hii ndogo ya mezani ina uzito. Haihitaji gharama kubwa: mishumaa minne, sahani, na matawi yoyote mabichi yanayopatikana. Mara nyingi mtoto mdogo kuliko wote ndiye hupewa heshima ya kuwasha, huku mkubwa akisoma aya chache za Isaya au za Luka. Zikisomwa kwa Kiswahili, mtoto aliyezaliwa ugenini hupata maneno ambayo shule haimpi: subira, faraja, nuru, ahadi. Na ikiwa bibi anasikiliza kwa simu kutoka nyumbani, hata akaanzisha wimbo, chumba kidogo cha ghorofani kinakuwa na vizazi vitatu.

Wako wazazi wanaodhani Majilio yamewaponyoka kwa sababu Jumapili ya kwanza ilipita wakiwa kazini. Wasivunjike moyo. Jumapili ya pili huwashwa mishumaa miwili, na ule wa kwanza huwamo.

Mtoto ataendelea kuuliza: bado siku ngapi? Pengine anaulizia Krismasi, pengine anaulizia baba. Swali la kwanza mzazi analijua jibu lake. Kwa la pili, huenda asiwe na tarehe ya kutaja. Lakini anaweza kukaa kando ya mtoto, taa za chumba zikiwa zimezimwa, wakangoja pamoja.