Nyayo za Maradhi Katika Damu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya swali moja: yawezekanaje mpimaji achukue damu kidogo, aseme kwamba mwili umekwisha kukutana na maradhi fulani, wala hakuviona vijidudu vyenyewe?

Sisi wakulima wa mahindi wa Songea tunao mfano wa jambo hili. Nguruwe mwitu akiingia shambani usiku, asubuhi hatumwoni, bali twaona nyayo zake. Vivyo hivyo, virusi vikiingia mwilini, mwili hufanya silaha za kupigana navyo, ziitwazo kingamwili. Kila maradhi yana kingamwili zake, kama kila mnyama alivyo na unyayo wake.

Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, nchini Uswidi, walitangaza njia ya kuzitambua, iitwayo Elisa. Hutwaliwa sahani ya plastiki yenye vishimo 96, na ndani yake hubandikwa vipande vya kirusi kinachotafutwa. Kisha hutiwa majimaji ya damu ya mgonjwa. Kingamwili zikiwamo hunasa pale; kisichonasa huoshwa. Halafu hutiwa kitu cha kuzishika hizo kingamwili, kilichofungwa kimeng'enya, na mwisho dawa igeuzwayo rangi na kimeng'enya hicho. Rangi ikitokea, nyayo zimeonekana.

Faida yake ni kubwa. Miaka ya 1952 na 1953, katika nyanda za juu za Makonde, katika Jimbo la Kusini ambalo Songea nayo ilikuwa ndani yake, ilizuka homa yenye maumivu makali ya viungo. Ikaitwa chikungunya, yaani kile kikunjacho. Homa hiyo ni rahisi kudhaniwa malaria, lakini kingamwili hupambanua. Zile za kwanza, IgM, ni nyayo mbichi. Zile za IgG hukaa miaka mingi, hata mgonjwa akiisha kupona.

Lakini msomaji wa nyayo sharti awe na hadhari. Nguruwe aliyefika ukingoni sasa hivi hajakanyaga bado katikati ya shamba. Ndivyo ilivyo kwa virusi vya UKIMWI: mtu aliyeambukizwa juzi aweza kupimwa kingamwili zisionekane, naye akarudi nyumbani akifurahi, akamwambukiza mwenzake. Kwa hiyo aliyejihatarisha asitosheke na kipimo cha mapema. Na ajilinde, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Na kipimo cha kwanza kikionyesha kingamwili, hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya mtu kuambiwa kwamba ana virusi.

Tena, mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake. Asiyetimiza miezi 18 akionekana kuwa nazo, huenda ni nyayo za mama tu. Damu yake sharti itafutwe virusi vyenyewe. Basi mama asikate tamaa, wala asikae nyumbani. Na ampeleke mtoto kupimwa upesi, kwa kuwa mtoto aliye na virusi huhitaji dawa bila kukawia.

Basi, ndugu zetu, mkipewa jibu la damu, ulizeni: kimepimwa nini, na je, yapasa turudi lini? Kwaherini.