Ukabila na Ugeni katika Nchi ya Turkana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nawoitorong, Lodwar)



Nimeombwa kunena juu ya shauri lililobaki bila kukatwa katika mkutano uliopita: je, mkimbizi akaaye Kakuma aweza kuandikwa katika daftari la chama chetu, akatoa ada kama sisi, na akifa azikwe kwa fedha za chama? Waliokataa walitoa hoja moja tu, kwamba hao si wa kabila letu. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Na tuipime.

Kabila laweza kumfungulia mtu mlango. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa utumwani Somalia, na wajukuu wao wakakaa kando ya mto Juba bila kuisahau lugha yao. Vita vilipowakumba mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakafika Handeni, nchi ya babu zao. Walipewa makao Chogo, na baadaye serikali ikawapa wengi wao uraia. Lakini Wabantu wengine wa Somalia walikimbilia Dadaab, na mwaka 2002 wapatao 12,000 waliletwa Kakuma kungojea safari ya Marekani. Hapa hawakukuta kaburi la babu wala lugha waijuayo. Walipita kama wapitavyo abiria.

Sasa tujitazame wenyewe. Watoposa wa Sudani Kusini ni ndugu zetu wa asili, nao tunazungumza bila mkalimani. Hata hivyo, ni mara ngapi tumelia wafu wetu kwa ajili ya ng'ombe walionyang'anywa baina yetu na ndugu hao? Mdinka na Msomali, ambao lugha zao hatuzisikii, ndio wanunuao kuni na makaa ya mama zetu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, na Kiswahili wengi wao wamejifunzia huko huko sokoni.

Sisemi kwamba tumekaa kwa raha tupu. Mwaka 2003 damu ilimwagika Kakuma baina ya wenyeji na wageni. Tena mwenyeji amwonaye mgeni akigawiwa unga, hali yeye mwenyewe alala na njaa mwaka wa ukame, ana haki ya kunung'unika. Lakini manung'uniko hayo ni ya unga, ya maji na ya kuni. Tukiyaita ya kabila, tutakuwa tumemweleza mganga ugonjwa tusiougua. Kalobeyei, iliyofunguliwa mwaka 2016, ilipangwa tangu mwanzo ili shule na zahanati ziwatumikie wote wawili, nayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 yamruhusu mkimbizi mwenye hati kufanya kazi.

Mwanachama wetu mmoja alipofariki Kakuma, fedha zetu zilichelewa siku mbili njiani. Tulipofika tulikuta kaburi limekwisha chimbwa na vijana wa Kikongo waliokuwa jirani zake. Siku ile hakuna aliyewauliza kabila lao.

Kwa hiyo naomba neno "kabila" lifutwe katika fomu yetu, mahali pake paandikwe "makao", na kila aombaye, awe mwenyeji au mgeni, adhaminiwe na wanachama wawili wamjuao. Bwana Mwenyekiti, naliweka shauri hili mbele ya mkutano ulipigie kura.