Kuni za Jikoni na Mpango wa Jirani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa shule.)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya nishati. Katibu aliponiandikia aliniomba niguse mradi wa chama chetu wa kutia paneli za jua juu ya paa la ofisi. Nitaugusa. Ila nawaomba radhi mapema, kwa kuwa sikubaliani nao, na ni afadhali mnisikie nikisema hivyo hapa ukumbini kuliko kunisikia huko nje penye chai.

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1983. Mwaka 1981, nilipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa jiografia alitusomea gazetini kwamba umeme ulikuwa umeanza kutolewa katika mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha. Mtambo ule wa kwanza ulikuwa wa megawati 15 tu, nasi tulidhani mwalimu anatutania. Leo karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke huo, maji, upepo na jua. Basi mkisikia kwamba nchi yetu imejiwekea mwaka 2050 kuwa ndio wa kufika sufuri halisi, yaani hewa ya kaboni tunayoitoa isizidi ile inayofyonzwa na miti na udongo, mnaweza kufikiri kwamba kazi imekwisha. Haijesha. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila nyumba 100 za Kenya, 55 hupikia kuni, na nyingine kama 12 hupikia makaa. Taa ni jambo moja, sufuria ni jambo jingine.

Mwaka huo huo wa 2019 ilipitishwa Sheria ya Nishati, inayoiagiza kila kaunti iandike mpango wake wa nishati na kuupeleka kwa Waziri. Ni agizo jema. Mtu wa Nairobi hawezi kujua ni kisima gani cha kijijini kwetu kinachokosa pampu. Nami nikawa mmoja wa walioandika mpango wa kaunti moja hapa Pwani, ambayo sitaitaja. Tulizunguka miezi mingi. Tulihesabu zahanati, shule, visima na vinu vya kusaga, maana mpango wa kweli hauanzi na mtambo bali huanza na kujua nani anatumia nini, wapi, na saa ngapi. Kisha tukachora ramani nzuri sana yenye rangi. Kasoro yake ilikuwa moja: nje ya mpaka wa kaunti palikuwa peupe, kana kwamba dunia inakomea hapo.

Sasa nitawaeleza aibu yangu.

Kando ya mto mmoja wa msimu, ambao ndio mpaka, kilikuwako kijija cha watu wetu, mbali na nguzo za umeme. Tukakipangia mtambo mdogo wa jua wenye betri na nyaya zake. Ukajengwa, tukakata utepe, tukala biriani. Mama mmoja akanunua friji akauza barafu na maji baridi. Fundi wa kuchomea vyuma akafungua karakana. Hata miaka miwili haikutimia, kaunti ya jirani ikafikisha umeme wa gridi kwenye soko lililo ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Umeme wa mtambo mdogo ni ghali, kwa sababu watu wachache hulipia betri nyingi. Yule fundi alipiga hesabu zake, akapakia mashine yake juu ya punda, akavuka. Wengine wakamfuata. Waliobaki ni wachache, na gharama ikawalemea zaidi. Mama wa barafu bado yuko pale. Nilipokwenda mara ya mwisho alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniuliza swali moja: “Mwanangu, hamkuzungumza?”

Hatukuzungumza. Na mhandisi aliyepanga ile laini ya ng'ambo nilimjua! Alilala kitanda cha juu yangu bweni la pili kwa miaka miwili, akinidondoshea viatu usiku. Yupo humu ukumbini, anacheka, lakini siku ile hatukucheka. Namba yake ya simu ilikuwa katika orodha ya chama hiki. Kila mmoja wetu alikuwa na bajeti yake, mkubwa wake na tarehe yake ya kumaliza. Tungalikaa saa moja tu juu ya ramani moja, laini ile ingaliweza kuvuka mto, na ule mtambo wa jua tungaliupeleka kijiji kingine ambacho gridi haitakifikia leo wala kesho.

Tusidhani haya ni ya wadogo peke yao. Kule Loiyangalani katika Marsabit, mitambo 365 ya upepo ilikuwa imekwisha simamishwa mwaka 2017, ikangoja laini ya kusafirisha umeme hadi Septemba 2018. Upepo ulivuma, umeme haukuwa na njia. Ajabu ni kwamba mataifa yameanza kuweza yanayotushinda sisi wa vijijini: tangu Novemba 2022 tunanunua umeme wa Ethiopia kwa laini ya zaidi ya kilometa elfu moja inayofika Suswa. Na kaunti mbili zinashindwa na mto ambao mbuzi huuvuka.

Kwa upande wa makaa mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa makaa hayangoji laini. Januari 2018 kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa ili kuokoa miti yake. Mwezi uliofuata lori la makaa likateketezwa moto, ugomvi ukazuka na wafanyabiashara wa Kiambu, na bei ikapanda Nairobi. Siwalaumu Kitui, ambao walikuwa wakiona ardhi yao ikigeuka jangwa. Lakini mpishi wa Nairobi hakupewa kitu kingine cha kupikia, na anayekosa makaa ya Kitui huyatafuta kwingine. Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Mombasa haina msitu wa kuilisha meko yake. Magunia hutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta na Tana River. Mpango wa Mombasa usiojua gunia limetoka wapi ni nusu ya mpango, na mpango wa Kwale usiojua linakwenda wapi ni nusu ya pili. Tunayo Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti sita. Mimi naona hapo ndipo pa kuziweka ramani zote sita juu ya meza moja. Mimi na yule wa kitanda cha juu tumejaribu kwa mbili tu, na nakiri ni kazi ngumu: mkitaka kutia sahihi, uchaguzi unafika, maofisa wanahamishwa, mnaanza upya.

Sasa turudi shuleni. Jana jioni nilikwenda jikoni. Moshi ni ule ule, na pure ya mahindi na maharagwe ni ile ile, ingawa mpishi wa sasa ni mkarimu kuliko wa zamani. Nilimwuliza dereva wa lori la kuni ametoka wapi. Akanitajia mahali ng'ambo ya mpaka. Nikaenda kuitazama kazi yangu mwenyewe. Katika mpango wetu shule hii imeandikwa taa, kompyuta na pampu. Kuni zake hazimo. Nikampigia simu mwenzangu. Katika mpango wao miti ile imehesabiwa kuwa msitu uliosimama. Kwa hiyo lori linalopakua mbele ya macho yenu halimo katika mpango wowote.

Paneli za paa la ofisi zitapunguza bili, na umeme ukikatika Mwalimu Mkuu ataandika barua zake. Sipingi hilo. Lakini umeme tunaoutumia mchana tayari karibu wote ni safi. Moto wetu uko jikoni, na mapafu ya wapishi yako huko. Naomba chama kifikirie kwanza majiko yaliyofungwa yenye dohani, ambayo hula kuni chache kuliko mafiga haya. Halafu tupige hesabu ya gesi, ingawa nayo hutokana na petroli, na ya sufuria za umeme za mgandamizo. Na maharagwe yalowekwe usiku kucha, jambo ambalo halihitaji mchango wa mtu yeyote.

Mwekahazina ameniuliza ni kuni kiasi gani zinazotumika kwa wiki. Hakuna ajuaye, hununuliwa kwa lori, hazipimwi. Nimekuja na mizani ya kupimia korosho. Kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla moto wa uji haujawashwa, nitakuwa mlangoni pa jikoni pamoja na mwenzangu wa ng'ambo. Nahitaji vijana wanne wa Kidato cha Tatu wenye mikono migumu, na mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.