Ndege Kongwe Inapopungua Mwendo

(Mada iliyotolewa kwa marubani na mafundi)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalotusumbua wote tunaotumia ndege ndogo za zamani: injini inanguruma vizuri, lakini ndege haifikishi mwendo wake wa safari. Wengine huona ni suala la kuchelewa chai tu. Hebu tupige hesabu. Safari ya maili 300 za baharini kwa noti 105 huchukua saa 2 na dakika 51. Kwa noti 92 ni saa 3 na dakika 16. Dakika hizo 25 zinatoka kwenye ile akiba ya nusu saa ya mafuta, na bado upepo wa mbele haujavuma.

Kabla ya kushika spana, tuhakikishe kwanza kwamba mwendo kweli umepungua. Vipima kasi vya Cessna za miaka ya 1950 husoma maili za nchi kavu, na maili 120 za namna hiyo ni noti 104 tu. Wapo waliohangaika na injini isiyo na kosa kwa sababu hiyo. Tena, huko juu hewa ni nyepesi: kwenye futi 8,000 kipima kikionyesha noti 100, kasi halisi ni karibu 113. Na bomba linaloleta hewa kwenye kipima likivuja, husoma pungufu.

Njia tunayoiamini ni hii. Asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia, ruka kwa kimo kimoja na nguvu ile ile kuelekea pande nne za dunia. Andika kasi ya GPS kila upande, jumlisha, gawa kwa nne.

Ikiwa kweli ndege inachelewa, sisi hushuku kipima mizunguko kabla ya injini. Kikionyesha 2,450 wakati injini inazunguka 2,350, rubani anaomba nguvu kidogo bila kujua. Kipimeni kwa kile kifaa cha mwanga kinachohesabu mapanga ya rafadha.

Halafu funga breki, weka vizuizi vya magurudumu, fungua mafuta yote, na ulinganishe mizunguko na ile iliyoandikwa kwenye hati ya aina ya ndege. Ikipungua, angalia kama kabureta inafunguka hadi mwisho, kisha magneto, mgandamizo wa silinda, na sailensa. Sailensa tusiisahau: vibati vya ndani huvunjika na kuziba njia ya moshi, na kwa nje huoni kitu. Mizunguko ikizidi, huenda rafadha ni ya kupandia. Hiyo hupaa vizuri kwenye viwanja vyetu vifupi, lakini safarini ni ya polepole. Hatuiiti hitilafu, kwa kiwanja cha mita 500 tungeichagua wenyewe.

Mwisho, umbo lenyewe. Flapu ambayo haijapanda sawasawa, bawa moja zito linalomlazimu rubani kukaza usukani njia nzima, magurudumu makubwa ya porini: kila kimoja kinakula noti chache.

Wakati tunatafuta chanzo, hesabu ya mafuta ifuate kasi mliyopima, siyo ya kitabu. Iandikeni kwenye kadi, ibandikwe mbele ya rubani.

Sasa tutoke nje. Ndege ipo, na ngazi ipo.