Kuupima Ushirikiano Wetu
(Mada iliyotolewa kwa washarika na wageni katika Jubilei ya Miaka Mia Moja)



Kamati ya Jubilei imeniagiza niseme juu ya miradi tunayoifanya pamoja na marafiki zetu wa mbali na wa karibu, na namna ya kuupima ushirikiano huo. Katika sherehe kama hii tumezoea kuhesabu mabati, madarasa, na wageni waliokuja wakarudi. Hesabu hizo ni halali, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini jengo laweza kukamilika huku waliolijenga hawasemezani.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba ndugu hawapimani. Naomba radhi kutofautiana naye. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Twasoma katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, kwamba pamoja na Tito alitumwa ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu. Naye Martin Luther alizitembelea sharika za Saksonia mwaka 1528, akahuzunishwa na aliyoyaona, na mwaka uliofuata akatoa Katekisimo Ndogo. Kitabu tunachowafundishia watoto wa kipaimara ni tunda la ukaguzi.

Nchini kwetu upo mfano mwingine. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi, ambalo wengi mnalijua kwa herufi TCRS, lilianza kazi mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kazi yake iliendeshwa kwa makubaliano ya pande tatu. Serikali ilitoa ardhi na kusimamia utawala. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha. TCRS ikachonga barabara, ikavuta maji, ikajenga shule na zahanati. Ndivyo yalivyojengwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa ajili ya ndugu waliokimbia Burundi kuanzia mwaka 1972. Kila upande ulijua wajibu wake, na tangu mwanzo ilieleweka kwamba siku moja makazi yatakabidhiwa kwa Serikali. Ulyankulu na Katumba zilikabidhiwa kwanza, na Mishamo mwaka 1985.

Mimi huona kwamba kipimo kilianza siku ya makabidhiano, wala si siku ya uzinduzi. Wakulima wale waliweza kujilisha, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kutunza mabomba na barabara baada ya wafadhili kuondoka kulikuwa kugumu. Tena pande za makubaliano zilikuwa tatu. Wakimbizi wenyewe, waliochota maji yale, hawakuwa upande wa nne.

Nasi hapa tumeyaona hayo kwa kiasi chetu. Mnakumbuka kisima tulichochimbiwa na marafiki ambao sitawataja. Pampu ilipoharibika, sisi tulingoja barua yao, nao wakangoja barua yetu. Akina mama wakarudia ndoo na foleni, na miezi ikapita kwa ajili ya kipuri ambacho sadaka ya Jumapili mbili ingekinunua. Hapakuwa na mwizi wala ugomvi. Kila upande ulidhani kwamba wajibu ni wa mwenzake, na taarifa ya mradi ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba umefaulu.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo kabla hatujatia sahihi mkataba mpya uliopo mezani. Tuandike maswali machache. Nani huamua bajeti inapobadilika? Habari mbaya humfikia mwenzetu baada ya siku ngapi? Kitu kikivunjika, nani hutengeneza, na kwa fedha ya mfuko upi? Nani aliulizwa kabla mradi haujaanza? Baraza la Wazee lijibu peke yake, marafiki zetu wajibu kwao, na wanaotumia huduma yenyewe wajibu pia, pasipo kuoneshana. Kisha karatasi zote zisomwe mbele ya watu wote. Majibu yakifanana, hata kama ni ya kukosoa, tunaelewana. Yakipishana, pale yanapopishana ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Najua kuna hofu kwamba tukisema kweli marafiki watakunja mkono. Hofu hiyo nayo iandikwe, iwe swali la tano.

Karatasi ziko kwa mwinjilisti, mlangoni upande wa kwaya. Akina mama wa foleni ya kisima wapewe kwanza.