Mbwa Mtii na Mbwa Achezaye Ngoma



Tarehe 12 Mei, 2012, huko London, watu wa Uingereza walipiga kura kwa simu ili kumchagua mshindi wa mashindano makubwa ya televisheni yaitwayo Britain's Got Talent. Katika fainali walikuwamo waimbaji hodari na kwaya kubwa ya vijana kutoka Wales. Wote walishindwa na msichana wa miaka 17, Ashleigh Butler, pamoja na mbwa wake mdogo aliyeitwa Pudsey. Muziki ulipoanza, mbwa yule alisimama kwa miguu ya nyuma, akatembea kinyumenyume, akazunguka kama pia, kisha akapita katikati ya miguu ya bibi yake, kulia na kushoto, kama ukili upitavyo katika mkeka. Tuzo ilikuwa pauni 500,000, pamoja na heshima ya kucheza mbele ya Malkia Elizabeth. Pudsey alikufa mwaka 2017, na habari za kufa kwake zikaandikwa magazetini kama za mtu mashuhuri.

Watu wengi wa Afrika Mashariki wakisikia habari kama hiyo hucheka, na hawana kosa. Kwao kazi ya mbwa ni kulinda boma usiku, kufuata ng'ombe malishoni na kuwabwekea wageni. Pwani, Waislamu wengi huyahesabu mate ya mbwa kuwa ni najisi, kwa hiyo hawamfugi ndani ya nyumba, ijapokuwa mbwa wa ulinzi na wa mawindo hakukatazwa. Hapana haja ya mtu kugeuza desturi zake kwa ajili ya ngoma ya mbwa. Walakini katika mchezo huo limo jambo moja ambalo lamfaa hata mtu asiyetaka kumwona mbwa akicheza maisha yake yote: jinsi mnyama anavyoweza kufundishwa kutii pasipo fimbo.

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja. Mbwa hachezi kwa kufuata mapigo ya ngoma. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani waliandika habari za ndege aitwaye Snowball, wa jamii ya kasuku weupe wenye kishungi, ambaye muziki ulipoharakishwa naye aliharakisha kutikisa kichwa, na ulipopunguzwa mwendo naye akapunguza. Mwaka huo huo wataalamu wengine waliona dalili za namna hiyo kwa kasuku wa kijivu, yule yule wa misitu ya Kongo, ambaye watu wengi wamemwona akiigiza maneno ya wanadamu. Mbwa hakuonekana kuwa na kipawa hicho. Mbwa humtazama bwana wake, mkono wake, bega lake, hatua yake, na kutenda alivyoagizwa. Aliye mwerevu katika mambo haya huusikiliza kwanza mwendo wa mbwa wake, kama ni wa haraka au wa polepole, ndipo atafute muziki unaolingana nao. Watazamaji hudhani kwamba mbwa anamfuata mpiga zumari, na kumbe mpiga zumari ndiye aliyechaguliwa kwa ajili ya miguu ya mbwa.

Mbwa wachezao si jambo jipya Ulaya. Walionekana sokoni na katika sarakasi kwa karne nyingi, wakiwa wamevikwa vijikanzu, na watu wakatoa senti zao pasipo kuuliza walifundishwaje. Aliyeuliza kwa sauti kubwa ni mwandishi wa Marekani, Jack London, katika kitabu chake Michael, Brother of Jerry, kilichotolewa mwaka 1917, baada ya kufa kwake. Humo alionyesha kwamba nyuma ya pazia kulikuwa na mijeledi, njaa na minyororo. Wasomaji wake waliunda chama mwaka 1918, na desturi ya wanachama ilikuwa kuondoka ukumbini mara wanyama walipoletwa kuchezeshwa. Mwaka 1925 Bunge la Uingereza nalo likatunga sheria ya kuwaandikisha watu wote waliofundisha wanyama kwa maonyesho, ili polisi na wakaguzi wapate kuingia na kutazama.

Fimbo haikuondoka kwa siku moja. Hata mwaka 1980, bibi mmoja maarufu, Barbara Woodhouse, aliwafundisha Waingereza kupitia televisheni ya BBC kumvuta mbwa kwa mnyororo unaobana shingo, na mamilioni wakamwiga. Lakini wakati ule njia nyingine ilikwisha pata nguvu. Bwana B. F. Skinner, mtaalamu wa Marekani, alikuwa ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba tendo linalofuatwa na faida hurudiwa. Mwaka 1951 aliandika katika gazeti la Scientific American akieleza jinsi mtu wa kawaida awezavyo kumfundisha mbwa wake nyumbani kwa vipande vya chakula na kidude kidogo kinacholia. Wanafunzi wake wawili, Keller Breland na mkewe Marian, walikuwa wamekwisha fungua biashara ya kufundisha wanyama kwa njia hiyo kabla ya hapo. Mwaka 1984 Bibi Karen Pryor, aliyekuwa amefundisha pomboo, akaandika kitabu kilichoieneza njia hiyo kwa wafugaji wa mbwa. Pomboo hapigwi fimbo wala hafungwi kamba. Akichukizwa huogelea akaenda zake. Mwalimu wa pomboo hana budi kujifunza adabu kabla ya mwanafunzi.

Wahenga wa Kiswahili walikuwa wamekwisha sema maneno machache yanayotosha: mkono mtupu haulambwi.

Sasa kazi yenyewe. Jambo linalowashinda wengi ni wakati wa kutoa tuzo. Mtu humwambia mbwa akae. Mbwa akaa. Bwana wake ndipo aanze kupekua mfukoni, na nyama inapotokea mbwa amekwisha simama na kuruka. Huyo amelipwa kwa kuruka, wala si kwa kukaa, na kesho ataruka tena. Kwa sababu hiyo waalimu hutumia mlio mfupi, "tik", wa kidude cha bati, au neno moja fupi kama "vema", litakalotamkwa mara ile ile makalio ya mbwa yanapogusa ardhi. Siku za kwanza mlio ule hufuatwa na kipande cha chakula mara kumi, mara ishirini, bila kumtaka mbwa afanye lolote, mpaka aelewe kwamba mlio huo ni ahadi isiyovunjwa. Kipande kisizidi punje ya hindi. Pafu la ng'ombe lililochemshwa na kukatwakatwa latosha sana. Somo liwe la dakika tatu au tano, kabla ya mbwa kula, na likome angali anapenda kuendelea.

Jambo la pili ni kuigawa kazi. Mbwa hahitaji kufundishwa kuzunguka kwa mara moja. Mwalimu hufumba kipande mkononi, akakiweka karibu na pua ya mbwa, akausogeza mkono kando kidogo. Mbwa akigeuza kichwa, "vema", na kipande. Halafu robo ya duara. Halafu nusu. Duara kamili hupatikana baada ya siku kadhaa, ndipo mkono uanze kwenda mtupu na tuzo kutoka mkono wa pili, na ishara ipunguzwe mpaka kidole kimoja kitoshe. Neno huja mwisho, nalo hutamkwa kabla ya ishara. Na liwe neno moja tu. Mtu anayesema leo "kaa", kesho "kaa chini", na mtondo "tulia wewe", kisha akamlaumu mbwa kuwa ni mkaidi, amfundishe kwanza ulimi wake mwenyewe.

Namna hiyo hiyo hufundishwa kurudi kinyumenyume, kuinama, kutoa mkono, na kupita kati ya miguu. Kila tendo hujifunzwa peke yake, ndipo yaunganishwe, mawili, kisha matatu. Hatimaye chakula hutolewa mara moja moja, bila mbwa kujua ni lini, naye huzidi kujitahidi, kama mvuvi wa ndoana asiyepata samaki kila atupapo lakini haachi kutupa. Katika mashindano ya Uingereza chakula hakiruhusiwi uwanjani kabisa. Mchezo huo ulianza kujulikana huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, Bibi Mary Ray alipoonyesha mbwa wake kwa muziki katika maonyesho makubwa ya Crufts, nao una namna mbili. Ya kwanza humtaka mbwa atembee karibu na mguu wa bwana wake kwa muda usiopungua thuluthi mbili za mchezo. Ya pili humwachia uhuru zaidi. Hiyo ya kwanza haishangiliwi sana na watazamaji, lakini ndiyo ngumu, na ndiyo yenye manufaa nyumbani.

Kusimama kwa miguu ya nyuma, ambako watu hukupigia makofi, si kwa kila mbwa. Pudsey alikuwa mwepesi. Mbwa mzito, mwenye mgongo mrefu, mzee, au ambaye mifupa yake haijakomaa, aachwe na miguu yake minne. Wala mbwa asilazimishwe jambo analoliogopa. Mwaka 2015 mashindano yale yale ya London yalishindwa na Bibi Jules O'Dwyer na mbwa wake Matisse. Baadaye ikajulikana kwamba aliyepita juu ya kamba ni mbwa wake mwingine, Chase, kwa sababu Matisse hapendi mahali pa juu. Watazamaji walinung'unika, na baraza la kusimamia utangazaji likaamua kwamba walipotoshwa. Kosa lilikuwa kuwaficha watazamaji. Kumwacha Matisse chini kulikuwa haki.

Mtu atajuaje kama mbwa achezaye amefundishwa kwa wema? Atazame mkia, masikio na macho. Mbwa aliyepigwa hufanya kazi, lakini huinamisha mwili, hulamba midomo ovyo, hupiga miayo bila usingizi, na mkono ukiinuliwa hufumba macho. Mwaka 2020 wataalamu wa Ureno waliandika habari za mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Wale waliofundishwa kwa ukali walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi, na hata mate yao yalipopimwa baada ya somo yalionekana kuzidi ile kemikali ya mwili inayopanda mnyama anapotaabika.

Katika maboma mengi mbwa huitwa ili apigwe. Amekula mayai, amekimbia. Bwana wake amwita "Simba, Simba," kwa sauti tamu. Simba aja akijikokota, na fimbo yamshukia. Bwana yule adhani amemwadhibu kwa mayai, lakini mayai yamekwisha sahauliwa. Alichojifunza Simba ni kwamba kuitikia jina lake ni hatari. Siku atakapokimbilia barabarani mbele ya lori, au atakapomrukia mtoto wa jirani, jina litaitwa, naye atazidi kwenda mbali. Mbwa ajapo akiitwa, hata akiwa amechelewa, hata akiwa na manyoya ya kuku mdomoni, apewe neno jema. Kuku walindwe kwa banda lenye mlango.

Nalo jambo hili lina uzito kuliko kuku. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa kandokando ya Nairobi, nacho hakijakoma kuua watu, na wengi wao ni watoto. Mtu aliyeumwa aweza kuokolewa kwa kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, na kuchanjwa upesi. Dalili zikiisha kutokea, ni nadra mno mtu kupona. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, kwa kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Dawa ikiisha kufika kijijini, kikwazo kimoja cha daktari wa wanyama ni mbwa wasioshikika. Mwenyewe anaye mbwa, anampenda, ana habari ya siku ya chanjo, lakini hawezi kumfunga kamba, maana mkono wa mwanadamu haujapata kumgusa ila kwa kumpiga. Hubaki nyumbani bila kuchanjwa, naye ndiye azungukaye usiku.

Mbwa wa namna hiyo hafundishwi asubuhi ya chanjo. Huanzwa majuma mengi kabla, kwa njia ile ile ya wachezaji ngoma. Mtu mzima amguse bega, "vema", na kipande. Kesho yake sikio. Halafu shingo, halafu kamba ilazwe tu mgongoni na kuondolewa. Halafu ngozi ya shingo ivutwe kidogo kwa vidole, kama daktari atakavyoivuta. Akikunja mdomo au kurudi nyuma, irudiwe hatua ya jana, pasipo ugomvi. Mbwa mzee hujifunza pia, ila huchukua siku nyingi zaidi. Aliyezoezwa hivyo hufika kwenye foleni kamba ikiwa imelegea, hukaa anapoambiwa, na sindano huingia na kutoka kabla hajamaliza kutafuna kipande chake.